Ng'ombe wa Dahabo Ukutani

Siku Sadia alipojifunza kuweka alamisho kwenye ripoti, alicheka peke yake ofisini mpaka katibu Gershom akaacha kugonga mihuri na kumuuliza kama ni malaria.

"Si malaria, bwana katibu. Njoo uone. Niko ukurasa wa kwanza, si ndiyo? Sasa tazama." Akabofya. "Niko mwisho kabisa! Na grafu iko vile vile nilivyoiacha! Si hii ni noma?"

Gershom alitazama asione cha kuchekesha. Alikuwa Mpokomo wa makamo, mtu wa Kinakomba, mtaratibu, na ripoti yoyote aliifungua kama alivyofungua Biblia yake kila Januari: akaanza mwanzo na kwenda ukurasa kwa ukurasa bila kuruka.

"Na hizo kurasa za katikati zimekukosea nini?" aliuliza.

Sadia akazidi kucheka. Gershom alipaswa kujua, maana naye alikuwepo siku ile ya aibu.

Ushirika wa maziwa wa akina mama pale Garsen ulikuwa ukiomba tangi la kupozea kutoka kwa kampuni moja ya Malindi. Bila tangi, maziwa ya jioni yalichacha kabla ya kufika popote, kwa sababu joto la Garsen halimhurumii mtu seuze maziwa. Yakichacha humwagwa, na kwa mwanamke wa Kiorma kumwaga maziwa ni jambo linalouma hata kulitazama. Kampuni ikamtuma bibi mmoja aitwaye Sumeya, mzaliwa wa Kipini, mwenye sauti tamu na macho yasiyodanganyika. Mwenyekiti wa ushirika, Dahabo, shangazi yake Sadia, akasimama kumwonyesha ripoti. Ripoti yenyewe aliitengeneza Sadia na ilikuwa na kila kitu, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa.

Sumeya aliuliza swali moja tu: maziwa ya kiangazi yakoje? Dahabo akazungusha gurudumu la mausi. Zikapita bei, yakapita mafuta ya pikipiki za kubeba maziwa, zikapita picha za semina. Akapitiliza, akarudi, akapitiliza tena. Chai ikaletwa, ikanywewa, vikombe vikaoshwa, na maziwa ya kiangazi hayajaonekana. Sumeya akaaga kwa adabu. Alisema atarudi mara moja tu, na akikuta mambo ni yale yale, tangi litakwenda kwa ushirika mwingine.

"Wallahi nimepotea," Dahabo alimwambia Sadia baada ya mgeni kuondoka. "Mimi najua njia ya hapa mpaka Bangale bila kuuliza mtu. Leo napotea ndani ya kompyuta!"

Maneno hayo yalimkaa Sadia rohoni. Dahabo ndiye aliyemlea, na yeye ndiye aliyesimama mbele ya wanawake wenzake akawaambia mtoto wa kaka yake anajua kompyuta. Kumwona mama huyo, ambaye fahali alimpisha njia, akihangaishwa na kigurudumu kidogo kama punje ya mahindi, kulimtia Sadia uchungu na hasira pamoja. Akaapa kwamba shangazi yake hatapotea tena.

Kwa asiyejua, alamisho si uchawi. Unaipanga ripoti unavyotaka, ukurasa fulani, mwezi fulani, mtu fulani, hiki kimeonyeshwa na kile kimefichwa, kisha unaiambia ikumbuke. Alamisho hukumbuka hali ile ile uliyoihifadhi, bila kupunguza wala kuongeza, kama mtoto anayerudia mbele ya wageni maneno aliyoyasikia jikoni. Ukiifunga kwenye kitufe chenye jina, basi ukibofya kitufe umefika.

Sadia alitengeneza vitufe vya kwanza: Kiangazi, Mvua, Bei, Pikipiki. Akamwita shangazi yake.

Dahabo alikaa mbele ya laptopu akashika mausi kwa vidole viwili. Akabofya Kiangazi, na maziwa ya kiangazi yakatokea, mstari wa buluu ukiteremka taratibu. Akabofya Mvua, yakatokea ya mvua. Akamtazama Sadia, akaitazama mashine.

"Rudi Kiangazi," akajiamuru mwenyewe, akabofya. "Subhanallah. Mvua! Kiangazi! Mvua!"

Akacheka mpaka shungi likamteleza. Halafu, kwa kuwa furaha haina siri, alitoka barazani akawaita akina mama waliokuwa wakipimisha maziwa yao. Wakaingia wote na harufu ya moshi wa vibuyu vya maziwa, wakabanana nyuma ya kiti. Dahabo akawaonyesha. Kiangazi! Mvua! Kila alipobofya walipiga kelele kana kwamba mtu amefunga goli.

Mama Diba ndiye aliyeharibu, au aliyetengeneza, itategemea unamuuliza nani. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa ulimi, na kwa wingi wa maziwa alimfuatia Dahabo mwenyewe.

"Vizuri sana," alisema. "Na mimi? Kitufe yangu iko wapi?"

"Hivi si vya watu, mama," Sadia akamweleza. "Ni vya mambo."

"Mimi si jambo?"

Baraza zima likamwangukia Sadia. Kumbe Kiangazi, ambacho huua ng'ombe, kina kitufe, na Mama Diba, anayeleta maziwa hata akiwa na homa, hana? Mama Jilo naye akataka chake. Mwingine akadai kitufe kiwe na picha yake, lakini ile aliyopigwa kwenye harusi, si hii ya kitambulisho. Sadia angeweza kukataa, lakini alikuwa amelewa sifa, na mlevi wa sifa hukubali lolote. Akasema sawa, kila mama atapata kitufe chake, kikibofywa kinafungua maziwa yake peke yake.

Siku mbili hazikupita kabla ugomvi mpya haujazuka, safari hii juu ya nani awe wa kwanza. Sadia alikuwa amevipanga vitufe kwa mstari, kutoka juu kwenda chini, na hakujua kwamba amepanga heshima za watu. Mama Jilo alijikuta chini ya mke mdogo wa shemeji yake.

"Kwenye harusi mimi siwezi kukaa nyuma ya huyu," alisema kwa upole wa kutisha. "Kwenye kompyuta unanikalisha nyuma?"

Sadia akajaribu kupanga kwa umri, na hapo akagundua kwamba hakuna aliyekuwa tayari kuwa mkubwa kuliko wote. Akajaribu kwa alfabeti, wakamuuliza alfabeti ni mtoto wa nani. Mwisho alivipanga kwa duara, kama nyumba zinavyozunguka zizi, asiwepo wa juu wala wa chini. Mama Jilo akalikagua duara lile kwa muda mrefu, akakosa pa kukosoa, akaomba chai. Hata Gershom, aliyekuwa akinung'unika pembeni, alikiri kwamba limependeza, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama makatibu nao hupewa.

Sasa ripoti ile, kama ilivyosemwa, ilikuwa na kila kitu. Maafisa wa mifugo walipochanja na kutia nambari ng'ombe wa eneo zima baada ya ukame, waliuachia ushirika hesabu zao, na Sadia, kwa bidii ya mtu mpya kazini, alikuwa ameziingiza zote. Kila mama alikuwa na grafu yake ya maziwa, na pembeni ya grafu kisanduku chenye nambari moja kubwa: idadi ya ng'ombe.

Mama Diba alikuja kujaribu kitufe chake mbele ya wenzake. Akabofya. Grafu ikatokea, na kisanduku kikatokea.

Hata Gershom aliacha kutafuna. Kisha Mama Diba akapiga yowe, akaurukia uso wa laptopu na kuufunika kwa kifua chake.

"Funga! Funga! Nani alikutuma?"

Hapo ndipo Sadia alipotamani ardhi ipasuke. Yeye ni Muorma, tena amezaliwa zizini, ilikuwaje akasahau? Ng'ombe hawahesabiwi mbele za watu. Mwenyewe huwajua kwa rangi, kwa pembe na kwa mama zao. Huwaita, huwatukana, huwaombea. Lakini kuwakusanya wote kwenye nambari moja na kuianika ni kuliita jicho baya lije kula. Ukimuuliza Muorma ana ng'ombe wangapi, atakwambia wapo, alhamdulillahi, na hilo ndilo jibu lote. Sadia aliijua adabu hiyo kabla hajajua kusoma. Ila kwenye kompyuta nambari zilikuwa zimegeuka nambari tu, zikaacha kuwa ng'ombe.

Aliomba radhi hadi sauti ikamkauka. Kisha akakaa kurekebisha, maana alamisho inayokumbuka kilichoonyeshwa hukumbuka pia kilichofichwa. Alikwenda kitufe kwa kitufe: anafungua, anakificha kisanduku, anaihifadhi alamisho upya, anakwenda kwa mwingine. Alipofika kwa Dahabo, alikificha kisanduku, na Dahabo mwenyewe akaingia mlangoni akipunga simu.

"Sadia! Sumeya anakuja kesho! Acha kila kitu, tutafute shuka jeupe la kuweka ukutani!"

Sadia akaruka, wakakumbatiana, wakatoka mbio kutafuta shuka.

Asubuhi madirisha ya ofisi yalizibwa kwa leso ili giza lipatikane. Projekta ilikuwa ya kuazima, na Gershom aliilinda kama yai. Akina mama walijaa, wamejipaka hina, wamevaa za Idi. Sumeya akakaa mbele na mtandio wake wa zambarau.

"Haya, mama zangu," alisema. "Mimi nimekuja kusikiza. Maziwa ya kiangazi."

Dahabo akabofya. Tap! Kiangazi kikajaa ukutani. Sumeya akainua nyusi. Akauliza bei, tap, bei ikatokea. Akauliza pikipiki hufika saa ngapi kutoka upande wa Wenje, tap, pikipiki hizo hapo. Kila tap moyo wa Sadia uliruka, na kila swali lilipojibiwa akina mama walipiga vigelegele, hata kwa bei ya mafuta, jambo ambalo halijapata kupigiwa vigelegele popote duniani. Sumeya mwenyewe alianza kutabasamu. Alianza kuuliza mambo ambayo hakuyahitaji, apate tu kuona Dahabo anavyoruka kurasa.

Kisha akaiweka kalamu chini.

"Mama Dahabo, mmenifurahisha, na sikufichi. Lakini maziwa haya ni ya jana. Mimi nataka ya kesho. Tangi si sufuria, mama, halitaki kukaa tupu. Nambieni, ng'ombe mnao wangapi?"

"Wapo," alisema Mama Diba.

"Wangapi?"

"Alhamdulillahi," alisema Mama Jilo.

Sumeya akashusha pumzi. "Wajua nimeuliza watu wangapi hapa Garsen? Jibu ni hilo hilo. Wapo. Mimi nikirudi Malindi nikamwambia mkubwa wangu 'wapo', ataniuliza na akili yangu nayo ipo? Bila ya kujua ng'ombe, tangi siwezi kulileta. Wallahi siwezi."

Sadia alijua nambari ziko wapi, zimelala chini ya vitufe vile vile, na alijua pia kwamba hana ruhusa ya kuziamsha. Tangi lilikuwa linaondoka mbele ya macho yake, na hakuna kitufe cha kulizuia.

Dahabo alikuwa mwanasiasa wa kuzaliwa. Alipoona njia imezibwa akageuza mazungumzo. "Ngoja, mwanangu," alisema. "Acha ng'ombe. Kwanza uone maziwa yangu mimi." Akabofya kitufe chake mwenyewe.

Grafu ikatokea. Na pembeni yake, kwa kuwa Sadia alikificha kisanduku lakini hakuihifadhi alamisho, wakatokea ng'ombe wote wa Dahabo wakiwa nambari moja ndefu kama mlango.

Nambari yenyewe haitatajwa hapa. Adabu ni adabu.

Sadia aliruka kutafuta waya wa kuchomoa, akajikwaa kwa Gershom, Gershom akaikumbatia projekta kuiokoa, na picha yote ikayumba mpaka dari. Dahabo, kwa kutojua afanye nini, alisimama mbele ya shuka akatandaza mikono kuwaficha ng'ombe wake. Kosa kubwa kuliko yote! Nambari ikamhamia yeye. Ikakaa kifuani, kwenye nguo yake ya Idi, inang'aa.

Mama Diba akasema polepole, "Dahabo, sasa umechanjwa wewe."

Kicheko kilichopasuka kiliziangusha leso mbili dirishani. Mama Jilo alicheka mpaka akakaa sakafuni. Dahabo alijitazama kifuani, akajaribu kukasirika, akashindwa, akacheka na yeye huku machozi yakimtoka. Na katikati ya kicheko hicho akapaza sauti:

"Semeni mashaallah basi! Mnanitazama tu!"

"MASHAALLAH!" baraza likaitika, na bati likatetema.

Mama Diba akainuka, akajifunga leso kiunoni.

"Dahabo hawezi kukaa uchi peke yake," alisema. "Jicho ikija, ikute sisi wote, ichanganyikiwe. Sadia! Fungua yangu!"

"Mama Diba, una hakika?"

"Fungua kabla nabadilisha nia!"

Sadia alikirudisha kisanduku. Nambari ya Mama Diba ikasimama ukutani. "MASHAALLAH!" Mama Jilo akadai yake, "MASHAALLAH!", kisha mke mdogo wa shemeji yake, ambaye alikuwa nao wengi kuliko Mama Jilo, na Mama Jilo akameza mate akapiga mashaallah kubwa kuliko zote. Walizunguka duara lote. Kila mama aliyefunguliwa alijificha uso kwa viganja, akachungulia katikati ya vidole, akapongezwa. Gershom, ambaye hakuwa na ng'ombe, alisimama akatangaza ana migomba na ana bata, akapewa mashaallah yake akakaa ameridhika.

Sumeya alikuwa ameacha kuandika zamani. Alikuwa anajipangusa macho kwa mtandio.

"Basi, mama zangu, basi, mtaniua," alisema. "Nimeona. Tangi lenu laja. Na likija kubwa kuliko mlilotaka, msinilaumu."

Kilichofuata hakielezeki. Walimbeba Sumeya kwa nguvu mpaka barazani, walicheza, walimwaga chai, walimpigia simu kila mume aliyekuwa malishoni na kumwambia kuhusu tangi, bila kutaja hata kidogo yaliyoonekana ukutani. Sadia alikumbatiwa mara nyingi mno. Kila mtu aliamini alikipanga kitendo kile kwa makusudi, na alipotaka kuwaambia kwamba alisahau tu kuhifadhi, Mama Diba alimfunika mdomo.

Ofisi ilipotulia, Sadia alirudi ndani kukusanya nyaya. Alimkuta shangazi yake amekaa peke yake mbele ya shuka, amekibofya tena kitufe chake, nambari imerudi ukutani.

"Shangazi, nisamehe. Wallahi nilisahau."

"Hii ni kweli?" Dahabo aliuliza bila kugeuka.

"Ni kweli. Walichanjwa mmoja mmoja."

"Na walioko Bangale, kwa kaka yako Hiribae?"

"Wamo."

"Na wale wa huku chini deltani?"

"Wote, shangazi."

Ukame ulipomfika Dahabo, mumewe alikuwa ameshakufa, na mizoga ya ng'ombe ilikuwa imelala kutoka kisimani hadi barabarani. Alizika majina mengi mwaka ule. Tangu hapo vijana walipompigia simu kutoka malishoni aliwauliza mvua, akawauliza afya zao, akawauliza simba. Hakuwauliza tena ng'ombe. Watu walidhani ni adabu.

"Mimi nilikuwa naogopa," alisema. "Nilifikiri tumekwisha. Naleta maziwa hapa kila siku, nasema moyoni, hii ni ya mwisho mwisho. Kumbe wamezaa." Akacheka kidogo, akajifuta pua kwa upindo wa shungi. "Kumbe wamezaa, Sadia! Wamezaa na mimi sijui!"

Sadia alishika mausi, akapeleka mshale kwenye kisanduku ili akifiche na, safari hii, aihifadhi alamisho.

"Bado," shangazi yake akasema, akiuvuta mkono wake. "Acha kidogo. Acha nikae nao."